Niliombwa kuandika wasifu wa marehemu, na marehemu mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu

Wakuu, nawasalimu wote, wa mjini na wa porini.

Leo sina ugomvi na serikali wala na timu yoyote ya mpira. Nimekuja kusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, na nitalisimulia lilivyokuwa. Majina nimeyabadilisha kwa heshima ya wahusika. Wenyewe wakisoma watajijua, na mmoja wao atanipigia simu kunigombeza. Nimejiandaa.

Uzi huu ni wa watunzi. Namaanisha wale wenzangu wenye riwaya kwenye flashi, mashairi kwenye simu, michoro chini ya kitanda, na ndugu anayeuliza kila sikukuu, "Hivi kile kitabu kiliishia wapi?"

Wengine pia karibuni. Hakuna kiingilio.

Nianze na mimi.

Nina shahada ya fasihi ya chuo kikuu. Nilipomaliza nilirudi Mpanda nikiwa na uhakika kwamba muda si mrefu nitajulikana nchi nzima. Sasa nina kitambi, nywele zilizobaki pembeni tu, na steshenari ndogo karibu na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, napiga passport size.

Riwaya yangu ninayo. Jina lake nimelibadilisha mara nyingi kuliko nilivyoongeza kurasa. Sura ya kwanza ni nzuri sana, na nalisema hilo kwa mamlaka, maana ndiyo sura pekee iliyopo.

Wachapishaji niliowatumia walinijibu kwa kunyamaza. Mmoja aliandika "tutawasiliana". Bado namsubiri, nisije nikaonekana sina subira.

Kwenye mlango wa steshenari nimebandika tangazo: TUNACHAPA, TUNATOA KOPI, TUNATUNGA: BARUA, RISALA, WASIFU. Hilo neno "tunatunga" ndilo lililokuwa limebaki la ndoto yangu. Mke wangu, Mama Neema, aliwahi kunishauri nilitoe kwa sababu linachanganya wateja.

Sasa, mnajua wasifu wa marehemu unavyoandikwa huku kwetu, ile karatasi inayosomwa msibani kabla ya kwenda makaburini. Kila steshenari ina mmoja kwenye kompyuta, unabadilisha majina tu. Marehemu alizaliwa, alipata elimu ya msingi, alifunga ndoa, aliugua. Alikuwa mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu.

Tangu nizaliwe sijawahi kuhudhuria msiba wa mtu aliyekuwa mnuni. Wanuni wa Katavi sijui wanazikwa wapi.

Basi.

Siku moja, masika yamekolea, aliingia dukani mama mtu mzima, kitenge kimefungwa vizuri, miwani yake ina kamba iliyozunguka shingoni. Alikuwa na karatasi za hospitali anataka kopi. Wakati mashine inapasha moto alisimama mlangoni akawa anasoma lile tangazo kwa kidole, neno kwa neno.

"Hapa mnatunga kweli," akauliza, "au mnanakili?"

Nikamwambia tunatunga, mama.

"Sema kwa nguvu. Na uhame huko, hilo sikio limekufa. Njoo huku."

Nikahamia kushoto kwake. Ndipo akanieleza, kwa sauti ambayo hata waendesha bodaboda wa nje waliisikia, kwamba yeye anaitwa Yustina, watu wanamwita Mama Deusi, ni mkulima wa mpunga Kibaoni, na amekuja Mpanda kwa ajili ya masikio. Amefikia kwa binti yake Kawajense. Hospitali wamemwambia sikio la kulia limekwisha na la kushoto liko njiani. Alijaribishwa kifaa cha kusikia, lakini hakikumfaa.

"Nikikivaa, mtu akiongea simsikii," akasema. "Akiweka kijiko mezani, naruka."

Nikampa pole. Akaipokea, kisha akasema amekuja kwa jambo jingine pia. Anataka wasifu.

Nikachukua kalamu, nikavaa uso wa msiba. Wa nani, mama?

"Wangu."

Wakuu, nilimwangalia juu mpaka chini. Alikuwa mzima. Alikuwa mzima kuliko mimi.

Akavuta kiti akakaa. Akasema mume wake alifariki, na mwanae mkubwa, Deusi, ndiye aliyeandaa wasifu. Deusi ni mfanyabiashara wa mazao, mtu wa haraka, akaomba wa mtu mwingine kwenye simu akabadilisha majina. Siku ya maziko ukasomwa kwamba marehemu alikuwa mcheshi.

"Mcheshi," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Mzee wangu alicheka mara chache sana, na zote alikuwa ananicheka mimi. Nimekaa pale nimejifunika kanga, najiuliza nimeingia msiba wa nani. Yule waliyemsoma simjui."

Mashine ikawa tayari. Hatukuigusa.

"Mimi nikifa siwezi kuinuka kuwarekebisha," akaendelea. "Na nikichelewa, hata ukiandika sitasikia. Niandikie sasa hivi, unisomee. Nikisikia kwamba ni mimi, basi, mtaweka mpaka siku yake."

Nikamuuliza kwa nini nisimpe tu asome mwenyewe. Akasema kitu cha kusomwa mbele za watu anataka akisikie jinsi watu watakavyokisikia.

Nilikubali papo hapo. Ningependa kuwaambia kwamba nilikubali kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini kilichonibeba ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesoma neno "tunatunga" akaliamini.

Nyumbani Mama Neema aliposikia aliacha kuchambua mchele.

"Mtu yuko hai unamwandikia wasifu? Uchuro huo, Baba Neema."

Nikamwambia sisi wasomi hatuamini uchuro. Kesho yake simu ikaita, namba ngeni. Deusi, kutoka Kibaoni. Hakupaza sauti hata kidogo, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Mwalimu," akasema (huku kwetu ukiwa na digrii na huna ofisi unaitwa mwalimu), "nasikia unamwandaa mama yangu."

Nikaanza kueleza historia ya wasifu duniani. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Mama akipata hata mafua, nitajua pa kuanzia."

Aliyeniokoa ni Mama Neema. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema kitu ambacho chuo kikuu hawakunifundisha: "Iite risala. Watu wanasomewa risala wakiwa hai kila siku, tena wanapigiwa makofi."

Nikampigia Deusi. Akafikiri. Akasema risala sawa, itasomwa Kibaoni baada ya mavuno, watu wale na washukuru Mungu. Ila neno "marehemu" asilisikie, na yeye mwenyewe asitegemewe kukaa mstari wa mbele.

Nikaingia kazini.

Sasa niwaambie kuhusu draft ya kwanza. Niliiandika kwa moyo wote. Nilitumia kila kitu nilichonacho. Bado naikumbuka sentensi ya kwanza, na naiweka hapa kama adhabu:

"Katika uwanda wa Mpimbwe, pale ambapo jua la asubuhi hulibusu bonde la mpunga kwa midomo ya dhahabu, ndipo kilipochomoza kichanga kilichokusudiwa na majaliwa kuwa nguzo ya wengi."

Nilikwenda nayo Kawajense kwa binti yake, tukakaa barazani, nikakaa upande wa sikio lililo hai. Nikasoma hiyo sentensi. Akainua mkono.

"Subiri. Mimi nilizaliwa usiku. Mvua inanyesha na nyumba inavuja. Mama yangu alikuwa akilisimulia hilo kwa hasira mpaka anazeeka. Hilo jua umelitoa wapi?"

Nikasema ni fasihi, mama.

"Lirudishe."

Nikarudi nalo.

Draft ya pili niliondoa jua, nikatia sifa. Nilifikiri nimeelewa: anataka mambo yake, si ya mbinguni. Basi nikaandika kwamba alikuwa mvumilivu, mkarimu, mpatanishi, asiye na makuu. Alisikiliza mpaka "mpatanishi".

"Unanipeleka wapi wewe? Mimi nina mdomo. Nimegombana na nusu ya Kibaoni, na hiyo nusu ndiyo itakayokaa mbele siku hiyo. Wakisikia 'mpatanishi' watakohoa."

Kisha akasema lile neno nililokuja kulichukia: "Huyo simjui."

Wakuu, mimi nimekataliwa na watu waliosoma. Nimekataliwa kwa barua pepe, na kwa kutojibiwa barua pepe. Lakini hao wote ningeweza kusema hawanielewi. Huyu mama alikuwa ndiye mada yenyewe. Ukikataliwa na mada unakata rufaa kwa nani?

Nikaanza kufanya kitu ambacho kumbe ndicho nilichopaswa kuanza nacho. Nikawa nakwenda Kawajense bila karatasi. Nakaa, anasimulia, nanyamaza. Akasimulia alivyoolewa. Akasimulia kwamba alikuwa mzuri kuliko wasichana wote wa Kasansa, kijijini kwao, na hilo alinihimiza niliandike vizuri. Akasimulia kwaya, maana ameimba sauti ya kwanza parokiani tangu akiwa msichana.

Na akasimulia ndama.

Wafugaji walipoanza kuhamia kwa wingi upande ule na ng'ombe wao, kundi moja liliingia kwenye mpunga wake. Mama Deusi alikwenda na jembe. Ng'ombe wakatoka, ila ndama mmoja akabaki. Mama Deusi akamkamata, akamfunga kwake. Akatangaza kwamba hamtoi mpaka wenyewe waje wazungumze. Ndama akalia kutwa nzima. Mwenye ndama, mama wa Kisukuma wa Kasansa anayeitwa Mama Masanja, alipofika kesho yake tayari kwa vita, alimkuta Mama Deusi ameketi chini, kichwa cha ndama kiko mapajani, anamnywesha uji na kumwomba msamaha.

Kuanzia hapo hao wawili ni kama dada. Maziwa mgando yanatoka Kasansa, mchele unatoka Kibaoni.

Nikamwambia hiyo lazima iingie. Akakataa katakata. Alisema itamwaibisha, alikuwa ametangaza vita kwa kijiji kizima kisha akakutwa anambembeleza adui. Tulibishana sana. Ndiyo mara pekee niliyosimama imara katika kazi hii yote, na nilisimama kwa sababu nilipoisikia mara ya kwanza nilisahau kwamba mimi ni mwandishi. Nilikuwa nasikiliza tu.

"Ukiitoa," nikamwambia, "na mimi sitakujua."

Akanikazia macho. Akasema tutaona.

Ngojeni kidogo wakuu, kuna mteja wa cheti cha kuzaliwa.

Haya, nimerudi. Alitaka kopi za rangi, mashine imetoa za kijani.

Draft ya tatu sasa. Hii ilikuwa na mambo yote ya kweli. Nyumba inayovuja, ugomvi, kwaya, ndama. Nilikuwa na furaha nikaiweka kwenye bahasha ya khaki.

Tatizo ni kwamba wakati mimi nahangaika na maneno, sikio la kushoto nalo lilikuwa halijakaa bure. Masika yalikuwa yamekwisha. Nilipomsalimia barazani hakuitika. Nikarudia kwa nguvu, akaona mdomo unacheza akaitika.

Nikaanza kusoma kwa sauti ya juu. Lakini sentensi zangu, jamani. Mimi nimesomeshwa kuandika sentensi yenye vyumba na korido. Nilikuwa naanza na "Yustina", napita kwa "ambaye", nageukia "licha ya", nakuja kutokea "hatimaye", na huko nimeshaishiwa pumzi. Jaribuni kupiga kelele sentensi ya namna hiyo. Sauti inazama katikati kama gari kwenye tope la Mpimbwe.

Mama Deusi aliegemea mbele, kiganja nyuma ya sikio, uso umekunjamana kwa kujitahidi.

"Nakusikia ukianza," akasema. "Nakusikia ukimaliza. Hapo katikati unapotelea wapi?"

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana ikaniuma. Alikuwa na hofu. Aliona mlango unafungwa na mimi bado nafunga viatu.

Nikakunja karatasi. Nikamwambia, kwa kelele, kwamba labda atafute mtu mwingine. Kwamba mimi huwa simalizi vitu. Nikamwambia habari ya riwaya. Unajua ni aibu kiasi gani kupiga kelele habari ya riwaya yako isiyokwisha, barazani, Kawajense, mchana kweupe? Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika.

Mama Deusi alisikiliza. Sijui alisikia kiasi gani. Kisha akaanza kusimulia nyimbo zake.

Zamani, alisema, alitaka kuwa mtunzi wa kwaya, si mwimbaji tu. Alitunga nyimbo akampelekea mwalimu wa kwaya. Zikakataliwa. Akatunga nyingine, zikakataliwa, mwalimu akisema zinafanana na za kupigia mpunga. Alikasirika, akahama benchi kanisani. Lakini shamba liko palepale, lazima apalilie, na mdomo wake haujui kukaa kimya. Akawa anaziimba akipalilia. Na akaanza kugundua kwamba kuna sehemu nyingine za wimbo wanawake wa jaruba la pili, kile kipande cha mpunga cha jirani, wanazidaka na kuziitikia bila kuambiwa, na sehemu nyingine wanaziacha zipite. Zilizopita akawa anazitupa. Aliendelea hivyo misimu kwa misimu.

Wimbo mmoja ukakubaliwa. Ni ule wa matoleo, unaoimbwa mavuno yanapopelekwa altareni.

"Zile nyingine zote?" nikauliza.

"Zilioza kama mbegu," akasema. "Sasa nenda kapalilie. Na usichelewe."

Nikaenda.

Sasa wakuu, mimi sina jaruba. Nina steshenari. Nikaanza kusoma kazi yangu mle ndani kwa kupiga kelele. Sentensi nikishindwa kuipigia kelele kwa pumzi moja, naikata. Neno likipotea kwenye ngurumo za bodaboda za nje, nalitoa. "Licha ya" haikupona hata moja. "Ambaye" zilikufa kwa wingi. "Hatimaye" niliizika mwenyewe.

Wateja walipungua. Mmoja alichungulia akarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Mama Neema aliniletea chakula akanikuta nimesimama naikemea kompyuta.

"Baba Neema, unagombana na nani?"

Nikamwambia na mimi mwenyewe, wa zamani.

"Umshinde mapema, ugali unapoa."

Lakini alikaa. Akawa msikilizaji wa kwanza. Akiendelea kula najua sentensi imempita. Akisimamisha tonge, naibakisha.

Mavuno yakafika.

Nilipanda basi la asubuhi. Sitalike tukawapita viboko wamelala kwenye mto kama wana likizo, tukapita hifadhini, mbung'o wakaingia dirishani wakatuchanja bila kubagua wasomi na wasiosoma. Nilifika Kibaoni shingo imevimba na bahasha ya khaki kifuani.

Uwanja wa kwake ulikuwa umejaa. Wanakwaya walikuja, majirani walikuja, ile nusu aliyogombana nayo ilikuja yote na kukaa mbele kama alivyotabiri. Mama Masanja alikuwa ameshafika kutoka Kasansa na galoni la maziwa mgando. Deusi alikuwa amesimama mbali, mlangoni mwa ghala la mpunga, mikono imekunjwa. Alinisalimia kwa kidevu.

Mtu akapendekeza spika. Mama Deusi akakataa, akasema spika inampigia makopo kichwani. Asomewe kwa mdomo.

Nikasimama kushoto kwake. Nikavuta pumzi.

"Yustina alizaliwa usiku. Mvua ilikuwa inanyesha. Nyumba ilikuwa inavuja. Mama yake hakuisamehe nyumba hiyo mpaka anakufa."

Akatabasamu. Wanawake wakacheka. Nikapata nguvu.

"Anasema alikuwa mzuri kuliko wasichana wote wa Kasansa. Mashahidi wote wamefariki."

Uwanja ukalipuka. Naye akacheka.

Lakini wakuu, alicheka nyuma yao. Aliona wamecheka ndipo akacheka. Nikasoma sentensi nyingine, nikaona macho yake hayako kwangu tena. Yanazunguka kwenye nyuso za watu, yanatafuta ni saa ngapi ya kucheka na saa ngapi ya kutikisa kichwa.

Hakuwa anasikia. Upepo, watu, sauti yangu iliyoanza kukauka, sijui. Lile sikio lilikuwa limechagua siku hiyo.

Nikanyamaza. Koo lilikuwa limekwisha na sikuwa na sentensi fupi zaidi ya hizo. Watu wakadhani nimepotea mstari. Yeye akanitazama, na ule uso wa kujitahidi ukarudi, ule wa barazani.

"Endelea," akasema. "Nasikia."

Alikuwa anadanganya, na kila mtu pale alijua, na hakuna aliyekohoa.

Deusi akakunjua mikono. Akatoka mlangoni pa ghala, akapita katikati ya watu, akachuchumaa kushoto kwa mama yake. Akaweka viganja kuzunguka sikio lake, kama mtu anayekinga kibiriti kisizimwe na upepo.

"Rudia hiyo," akaniambia, bila kunitazama.

Nikarudia. "Anasema alikuwa mzuri kuliko wasichana wote wa Kasansa. Mashahidi wote wamefariki."

Deusi akaisema ndani ya sikio, kwa Kipimbwe, lugha ya kwao.

Mama Deusi akacheka kabla hajamaliza. Safari hii alicheka peke yake, mbele ya wote, kisha akampiga mwanae kofi la bega kana kwamba ni yeye aliyeitunga.

Tukaendelea hivyo. Mimi sentensi, Deusi sentensi. Mimi Kipimbwe sijui hata salamu kamili. Nilikuwa nasikia maneno yangu yanatoka kwa Kiswahili, yanaingia kwa mtu aliyekuwa hataki yaandikwe, yanatokea upande wa pili kwa lugha nisiyoijua, na mama anacheka palepale nilipotaka acheke, na kwingine hacheki, anaangalia chini.

Nilipofika kwa ugomvi wake na nusu ya Kibaoni, ile nusu ilipiga makofi. Nilipofika kwa mzee wake, niliandika hivi tu: "Mume wake hakuwa mcheshi. Alikuwa anaamka kwanza kuwasha moto, kila siku, ili yeye akute maji ya moto." Deusi aliinamisha kichwa. Akasafisha koo. Kisha akaipitisha.

Kwa ndama, Mama Masanja alisimama na kuonyesha kwa mikono jinsi adui alivyokuwa amepakatwa. Mama Deusi alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Aliponitazama nilijua nimeshinda ule ubishi, na kwamba hatakaa akiri.

Mwisho niliweka wimbo wa matoleo. Sikuuandika wote. Niliandika: "Alitunga nyimbo nyingi. Mmoja mnaujua." Wanakwaya hawakungoja ruhusa. Deusi hakutafsiri, hakukuwa na haja. Mama aliangalia midomo yao, akajiunga. Alikuwa nyuma kidogo na nje ya sauti kabisa. Hakuna aliyemrekebisha.

Palipotulia akamvuta Deusi akamwambia kitu. Deusi akageuka kwangu.

"Anasema, huyo anamjua."

Nikairudisha karatasi kwenye bahasha kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kutunza cheti cha shahada.

"Anasema tena, ndama alikuwa mweusi. Umeandika mwekundu."

Wakati wa kula Deusi alinisogelea na sahani ya wali. Alizungukazunguka habari za bei ya mpunga. Kisha akauliza, kama utani, kama na yeye naweza kumwandikia. Nikamwambia hajagombana na watu wa kutosha, aendelee kujitahidi. Akaniongezea nyama.

Mama Deusi yupo mpaka leo ninapoandika. Kusikia hasikii tena isipokuwa mtu wake akimwambia sikioni, na mpunga analima. Mafua hajapata, namshukuru Mungu kwa sababu za kiusalama.

Na mimi je?

Sijachapishwa wakuu. Nisiwadanganye, huu si uzi wa "na leo hii nina majumba". Yule wa "tutawasiliana" bado hatujawasiliana. Lakini niliporudi Mpanda nilifungua ile sura ya kwanza, ile nzuri sana. Mstari wa kwanza ulikuwa na jua. Nikalitoa. Nilipomaliza kutoa vya kutolewa ilibaki nusu sura, ila ilikuwa inatembea. Sasa nina sura kadhaa. Jioni nakwenda kuzisoma kwa kelele Kawajense, barazani kwa binti wa Mama Deusi, na yule jirani wa kuanika nguo ameshaanza kuuliza yule binti wa sura ya tatu aliolewa au vipi.

Nilichojifunza nitakisema kwa kifupi, maana kirefu nimeshaachana nacho.

Kwa miaka mingi nilidhani nakataliwa kwa sababu watu hawajanifikia nilipo. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa siwafikii. Na nilidhani uvumilivu ni kuendelea kupeleka kitu kilekile kwenye milango tofauti. Yule mama alihama benchi kwa hasira, lakini hakuacha kuimba, na kila msimu alitupa zile zilizokataa kudakwa. Mimi nilikuwa nahama benchi tu.

Na tafuteni msikilizaji mmoja anayehitaji kweli unachoandika. Mmoja tu. Mimi wangu alikuwa anapoteza sikio, na haraka yake ndiyo iliyonimalizisha kazi ya kwanza niliyowahi kuimaliza.

Nakaribisha maoni, matusi ya wastani, na maswali. Wenye kujua Kipimbwe nifundisheni salamu. Na wewe mwenye riwaya kwenye flashi, najua upo na umesoma mpaka hapa, weka sentensi yako ya kwanza hapo chini. Tutaisoma kwa kupiga kelele, kila mtu alipo, tuone kama inafika.

Kama ina jua, litoe kwanza.